Mkono mzima ukae kando kidogo

Kiharusi tumezoea kukiona kwa wazee. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano akiamka mkono umelegea na mdomo umekwenda upande, jamaa huanza kutafuta nani kamroga, na saa zinapita kabla hajafikishwa hospitali. Wakati huo sababu mbili kubwa tunaishi nazo humu humu Bonde la Ruzizi: malaria iliyopanda kichwani, na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao wauguzi wetu wanauita SS. Kongo, Nigeria na India ndizo nchi wanamozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu. Hesabu zilizotolewa Marekani mwaka 1998 zilionyesha kwamba, pasipo kinga, karibu mtoto 1 kati ya 10 wenye aina kali hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20.

Mtoto akishapona hatari, mguu kwa kawaida hutangulia kurudi. Atake asitake, kutembea kunamhitaji autumie. Mkono hubaki nyuma, kwa sababu ule wa pili unatosha: unakula, unachezea, unavuta shati. Siku zinavyopita, ubongo unazoea kuusahau mkono dhaifu hata pale nguvu zinapoanza kurejea. Mtafiti Edward Taub aliliona jambo hili kwa nyani, na baadaye, huko Alabama, Marekani, akalifanya kuwa tiba ya binadamu: mkono mzima unazuiwa kwa muda, ule mwingine unapewa kazi. Katika utafiti wake wa watoto uliotolewa 2004, mazoezi yalikuwa saa 6 kwa siku kwa siku 21.

Saa 6 hazipatikani kijijini kwetu Katogota, msimu wa kilimo ndiyo kabisa. Lakini hakuna mashine katika tiba hiyo. Mvalishe mtoto soksi kwenye mkono mzima, au uzungushie kipande cha kitenge bila kukaza, kisha mpe kazi ndogo zenye mchezo: kuokota maharage na kuyatia kikombeni, kupanga vizibo vya soda, kuchukua karanga moja moja na kuzila. Anza na kazi anayoiweza nusu. Ikiwa rahisi, iongezee ugumu kidogo. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kila siku, mama au bibi akiwa karibu, mbali na moto. Kamba isitumike hata kidogo, na mtoto akilia, pumzikeni. Kumkanda kwa mafuta kunampendeza na hakuna ubaya, ila kukanda peke yake hakuufundishi mkono kushika.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Kiharusi kikishika upande wa kuume, mtoto hula na kupokea kwa mkono wa kushoto, na watu wazima humchapa kiganja kwa kukosa adabu. Nje ya saa za mazoezi mwacheni. Anayepigwa akila atakula kidogo, na mkono dhaifu hautapata nguvu kwa njaa.

Baadaye soksi ivuliwe, mikono ifanye kazi pamoja: kupukuchua mahindi, kukamua nguo, kufunga vifungo. Maisha ya mkulima ni ya mikono miwili, na mimi naona hatua hii ndiyo yenye faida kuliko zote. Mtoto asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliolegea, maana bega linateguka upesi. Na kama una mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka na tayari anachagua mkono mmoja tu, huku dole gumba la mwingine limejikunja kiganjani, mpeleke akaonwe. Huenda alipata kiharusi akingali tumboni au wakati wa kuzaliwa.

Pamoja na hayo yote, damu ipimwe. Mwenye selimundu aliyepata kiharusi mara moja yuko katika hatari kubwa ya kupata kingine ndani ya miaka michache asipotibiwa. Hospitali yenye damu salama humwongezea damu kwa mpango. Dawa ya haidroksiyurea nayo ilijaribiwa kwa watoto 606 wa Angola, Kenya, Uganda na kwetu Kongo, pale Monkole, Kinshasa. Matokeo yaliyotolewa 2019 yalionyesha maumivu, maambukizi, malaria na vifo vikipungua. Hunywewa kila siku, dozi hufuata uzito, na damu hupimwa mara kwa mara kwa sababu dawa yenyewe inaweza kushusha chembe za damu, kwa hiyo si ya kujinunulia dukani.