MBWA WA LINDO NYUMBANI KWA ASKARI
Achaguliwe kwa ajili ya wale wanaobaki

Askari ni mtu wa safari. Leo yumo kambini, kesho ametumwa mpakani, na kesho kutwa huenda akaitwa kuvuka mipaka. Tangu mwezi wa Machi 2007, majeshi ya Uganda yalipotia mguu Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, maelfu ya askari wetu wamezoea kuagana na jamaa zao kwa miezi mingi mfululizo. Polisi naye, ingawa hulala karibu zaidi na kwake, hushika zamu za usiku ambazo huwaacha mke na watoto peke yao saa zile zile ambazo mwizi huzipenda. Si ajabu basi kwamba mtu aliyejikusuru akajenga kinyumba chake nje ya kambi, akishatia mlango wa chuma na kuzungusha seng'enge, jambo la tatu afikirialo ni mbwa.

Fikira hiyo ni njema. Lakini wengi huitekeleza vibaya, kwa maana humchagua mbwa kama wanavyochagua silaha: yule mkubwa kuliko wote, mwenye taya pana na sauti ya kutisha. Husahau kwamba silaha huwekwa ghalani na kufungiwa, hali mbwa huzunguka uani mchana kutwa pamoja na mtoto anayejifunza kutembea. Husahau pia kwamba baada ya juma mbili tatu wao wenyewe watakuwa mbali, na mwenye kumlisha, kumwamuru na kumzuia mbwa huyo atakuwa mama watoto. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya makala hii ni hii: mbwa wa nyumbani kwa askari hachaguliwi kwa nguvu za mwenye nyumba, bali kwa nguvu za wale ambao mwenye nyumba atawaacha.

KAZI YA LINDO NI IPI?

Kila kuruta hufundishwa kazi ya mlinzi zamuni: kuona, kusikia, kusimamisha, kuuliza, na kutoa habari kwa mkuu wa zamu. Mlinzi afyatuaye risasi kabla ya kuuliza ni hatari kwa wenzake kuliko kwa adui. Mbwa wa nyumbani naye ni hivyo hivyo. Faida yake kubwa si meno, ni masikio, pua na sauti. Mwizi wa kawaida hataki vita. Anataka giza na kimya. Mbwa akibweka, kimya kimevunjika, taa zimewashwa, na majirani wameamka. Hapo kazi imekwisha fanyika bila tone la damu kumwagika.

Mbwa wa polisi ni jambo jingine kabisa. Tangu mji wa Ghent, huko Ubelgiji, ulipoanzisha mafunzo rasmi ya mbwa wa polisi mwaka 1899, mbwa wa namna hiyo amekuwa akifanya kazi pamoja na mwongozaji wake aliyefunzwa, ambaye humshika kwa kamba na kujua neno la kumkamatisha na neno la kumwachisha. Nyumbani mwongozaji huyo hayupo. Mbwa aliyefunzwa kuuma, akakosa mtu wa kumwambia “acha”, ni bunduki iliyokokiwa na kuachwa juu ya meza ya chakula.

MBEGU NA TABIA ZAKE

Mbegu inayojulikana zaidi kwetu ni mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye Waingereza walizoea kumwita Alsatian. Mbegu hii iliasisiwa na askari: Max von Stephanitz, kapteni wa wapanda farasi, ambaye mwaka 1899 alinunua mbwa aliyempa jina la Horand von Grafrath, akaunda chama cha kuikuza mbegu hiyo. Shabaha yake ilikuwa mbwa wa kazi, mwenye akili na utii. Dume huwa na kilo 30 hadi 40, na jike 22 hadi 32. Hufundishika upesi, huwapenda watu wa nyumbani kwake, na huwashuku wageni kwa kiasi. Ila ana manyoya mazito yasiyopenda joto, na baadhi yao hurithi ugonjwa wa nyonga uwafanyao wachechemee mapema. Tena akikaa bila kazi wala mafunzo, akili yake hugeuka kuwa wasiwasi, akabwekea hata majani yakipeperushwa.

Wa pili ni Rottweiler, aliyepewa jina la mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako alisaidia wachinjaji kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya nyama. Dume hufikia kilo 50. Akilelewa vema ni mtulivu na mpenda watoto wa nyumbani; lakini uzito wake pekee, hata akicheza tu, watosha kumwangusha mtoto sakafuni. Humfaa mtu mwenye uzoefu ambaye hulala nyumbani kila siku. Doberman naye alikuzwa mjini Apolda, Ujerumani, na Karl Friedrich Louis Dobermann, mtoza kodi aliyetaka mbwa wa kumlinda njiani. Ni mwepesi, mkali wa macho, na hushikamana mno na mwenyewe. Boerboel wa Afrika Kusini, mkubwa kuwapita hao wote, alizoeshwa kulinda mashamba makubwa. Kumtia katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni sawa na kuegesha kifaru barazani.

Katika mbegu zilizokuzwa Afrika, wa kusifiwa ni Rhodesian Ridgeback, mwenye mstari wa manyoya mgongoni yaliyolala kinyume. Mstari huo aliurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Wawindaji wa Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, walimtumia kumzuia simba mpaka mwindaji afike, na mwaka 1922 sifa za mbegu hii ziliandikwa rasmi mjini Bulawayo. Manyoya yake mafupi huvumilia jua, habweki ovyo, na kwa watoto wa nyumbani ni mpole. Lakini hutaka uwanja wa kukimbia, na ni mkaidi kidogo kwa mwalimu asiye na subira.

Nitaje pia mbwa wa misitu ya Kongo, Basenji. Ni msafi na mwindaji hodari, ila habweki kama wenzake. Hutoa sauti nyingine ya kuimba-imba. Mbwa asiyebweka ni rafiki mwema, lakini ni mlinzi asiye na filimbi.

TUSIMDHARAU MBWA WA KIENYEJI

Wengi humcheka mbwa wa kienyeji kwa kuwa hununuliwa kwa bei ndogo, au hutolewa bure. Huku ni kudharau bila kupima. Mbwa huyu ni mtoto wa nchi hii: wadudu na joto la hapa amezaliwa navyo, wakati mbwa wa kigeni huangushwa upesi na homa za kupe. Hula kidogo. Kilo zake 15 au 20 hazimwelemei mama anapomshika kamba. Masikio yake ni makali, na hubweka kwa sababu. Anachokosa mara nyingi si uwezo bali malezi: hupigwa mawe, hulishwa makombo, hachanjwi, kisha tunamlaumu kwa kuwa mwoga au mkali. Mlee tangu utotoni kama unavyomlea mbwa wa bei kubwa, nawe utashangaa. Kwa askari mwenye watoto wadogo na mshahara wa kawaida, jike wa kienyeji aliyelelewa vizuri, au chotara wake na mchungaji wa Kijerumani, ni chaguo la busara kuliko mengi ya fahari.

Nimesema jike kwa makusudi. Kwa kawaida jike ni mwepesi wa umbo, hazururi sana, na huwa na subira kwa watoto. Akifungwa uzazi na daktari wa mifugo, utaepukana na madume ya mtaa mzima kukesha langoni pako.

UPELELEZI KABLA YA KUNUNUA

Usinunue mbwa kwa picha wala kwa sifa za dalali. Nenda ukamwone mama yake, na ikiwezekana baba yake. Mama akikurukia kwa ghadhabu hata mbele ya mwenyewe, au akijificha akitetemeka, watoto wake huenda wakafuata nyayo. Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya juma 8. Huko ndiko ajifunzako kuuma kwa kiasi anapocheza na nduguze. Keti chini uwatazame. Mwache yule anayewaonea wenziwe, na mwache yule anayejikunyata pembeni. Angusha funguo zako: mtoto mzuri atashtuka, kisha atarudi kuzinusa. Dai kadi ya chanjo yenye mhuri na sahihi ya daktari, wala si maneno matupu. Kisha enda na mkeo. Ikiwa yeye humtaki mbwa huyo amtakaye, au wewe wamtaka yeye amwogopaye, basi biashara hiyo ivunjwe, maana yeye ndiye atakayekuwa mkuu wa lindo.

MALEZI NA AMRI

Samaki mkunje angali mbichi. Kati ya juma la 3 na la 14 hivi ndipo mtoto wa mbwa ajifunzapo nani ni mtu wa kawaida duniani. Katika muda huo na aone watoto, wazee, wenye baiskeli, kuku na mbuzi, asikie pikipiki na ngurumo, bila kutishwa. Mbwa aliyefungiwa bandani tangu udogo ili “awe mkali” hawi mlinzi; huwa mwoga mwenye meno, naye mwoga huuma bila kuchagua.

Mfundishe amri chache, ambazo kila mtu nyumbani atazitamka kwa neno lile lile: njoo, keti, acha, mahali pako. Amri zikiwa tatu kwa jambo moja, hata kuruta huchanganyikiwa. Mpe thawabu anapotii. Fimbo humfundisha kuogopa mkono, nao mkono wa kwanza utakaomkaribia huenda ukawa wa mtoto. Usimfunge mnyororo mchana kutwa, kwani kifungo hicho humzidishia ukali. Afadhali banda lenye kivuli na maji, na ua uliozibwa ili afunguliwe usiku. Kwa jamaa za Kiislamu banda la nje na vyombo vyake vya pekee huondoa pia shida ya tohara.

Watoto nao wana amri zao: mbwa alapo, alalapo au anyonyeshapo, haguswi, hapandwi mgongoni, havutwi mkia, na mbwa akikukimbilia, simama kama mti, usikimbie. Tena mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata mbwa akiwa mpole namna gani. Watoto wengi waumwao na mbwa huumwa na mbwa wanayemjua, na aliye mdogo hujeruhiwa usoni na kichwani, kwa kuwa kimo chake ni kimo cha meno.

ADUI ASIYEONEKANA

Hatari iliyo kubwa kuliko mwizi ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu kama 59,000 kila mwaka, walio wengi wakiwa Asia na Afrika, na kwamba watu 4 kati ya 10 wanaokufa ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, takriban hakuna anayepona. Hata hivyo kinga ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa kwanza mwaka 1885.

Kwa hiyo mbwa wako achanjwe afikapo miezi 3, na chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Mtu akiumwa au akilambwa penye kidonda, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipakwe majivu wala dawa za mitishamba, wala asingoje kuona mbwa atafanya nini. Andika agizo hili ulibandike ukutani kabla hujaondoka, maana siku litakapohitajika huenda wewe usipatikane hata kwa simu.

POSHO YA MLINZI

Mlinzi asiye na posho huacha lindo. Kabla ya kununua, piga hesabu: unga wa mahindi, dagaa ambao huku twawaita mukene, mifupa mibichi na mabaki ya nyama, dawa za minyoo na kupe, na chanjo. Mifupa iliyopikwa imwepuke, kwa maana huvunjika vipande vikali vinavyotoboa matumbo; na vitunguu humdhuru damu. Mbwa wa kilo 40 hula zaidi sana ya yule wa kilo 20, mwezi baada ya mwezi, kwa muda wa miaka 10 au zaidi. Fedha hizo zitatoka katika mfuko ule ule wa karo za shule. Kama mfuko haukubali, taa ya nje, komeo imara na ujirani mwema vitalinda kuliko mbwa mwenye njaa, ambaye mwizi humnunua kwa kipande cha nyama.

Mwisho, ndugu msomaji, kumbuka kwamba mbwa akimwuma mpita njia, anayeulizwa ni mwenye mbwa. Kibao cha “Mbwa Kali” langoni ni onyo, si ruhusa. Ua wako uwe mzima, lango lifungwe, na mbwa asitembee mtaani bila kamba. Waishio ndani ya kambi waulize kwanza amri za kambi hiyo.

Kabla ya kushika safari yako ijayo, fanya jaribio moja. Keti kando, usiseme neno. Mwache mama watoto amwite mbwa, amketishe, amwondolee sahani ya chakula, na kumrudisha bandani. Akitii bila kusita, nenda kazini kwa amani. Lindo lina mkuu wake. Akikataa, basi mafunzo hayajaisha, na zilizobaki katika likizo yako zitumie kumfundisha, si kumsifu.