Injini ya Toyota Ndani ya Land Rover ya Kale

Wilaya ya Ileje mkoani Songwe ni nchi ya milima, na Land Rover ya zamani bado ina kazi katika nchi kama hiyo. Bodi yake ya alumini huvumilia miaka, na chesisi ikioza huchomelewa. Kinachochoka ni injini. Ile ya dizeli ya lita 2.25, iliyoanza kufungwa mwaka 1961, ilitoa nguvu ya farasi takriban 62 tu ilipokuwa mpya. Ndiyo maana wenye magari haya hufikiria Toyota.

Swali la kwanza liwe hili: spea zitapatikana wapi gari likiharibika? Hapo injini ya 3L ya lita 2.8 inajitetea vizuri. Ilifungwa kwenye Hilux na Hiace, magari yaliyozoeleka nchini, kwa hiyo gasketi na nozeli zake si za kusubiriwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma mkoani Songwe. Pampu yake ya dizeli huendeshwa kimakanika, haihitaji kompyuta. Nguvu yake, farasi kama 90, ni nyongeza ya kutosha. Wengine hutamani 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita na lita 4.2. Msokoto wake ni karibu mara mbili ya ule wa injini ya awali, na shafti za ekseli ya nyuma za Land Rover hizi zinajulikana kwa kukatika hata kwa injini yake yenyewe. Ukifunga 1HZ, weka pia bajeti ya giaboksi na ekseli.

Injini ya mtumba inunuliwe ikiwa kamili: flaiwili, klachi, stata, alteneta, pampu na mabano yake. Kifaa kimoja kilichokosekana kinaweza kula faida yote ya bei nafuu. Iwashwe ikiwa ya baridi, kifuniko cha oili kifunguliwe, na moshi unaotoka hapo utazamwe. Ukitoka kwa wingi na kwa msukumo, ringi au silinda zimeliwa.

Kwenye kufunga, kosa kubwa ni kuchomelea mabano mapema. Kwanza unganisha injini na giaboksi kwa sahani iliyochongwa kwenye lezi, ili krenki na shafti ya giaboksi zikae mstari mmoja. Mstari ukipinda hata sehemu ndogo ya milimita, beringi na klachi hazidumu. Kisha ning'iniza injini mahali pake, gari likiwa limesimama kwa matairi yake, upime: sampo isiguse ekseli springi zinapobonyea, feni isifikie rejeta, egzosi ikae mbali na mipira ya breki na ya mafuta. Vipimo vikikubali, chomelea mabano, ukitumia raba zilizo nzima.

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ikibadilika, peleka taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na uhifadhi risiti ya ununuzi.

Liko jambo moja lisiloweza kungoja. Land Rover hizi zina breki za ngoma, zilizopangwa kwa mwendo wa injini dhaifu. Kabla ya kulipia injini yenye nguvu zaidi, tengeneza breki. Fedha zikitosha kwa kimoja tu, anza na breki.