NURU IPITAYO CHINI YA BAHARI YETU

Wahenga walinena, penye miti hapana wajenzi. Sisi wa Mombasa twaishi na bahari usiku na mchana. Wa Likoni aivuka kwa feri, wa Kisauni aitazama toka ufuoni, na wa Changamwe asikia honi za meli kule Kilindini. Lakini uliza wenzako ni nini kilicholala chini ya maji hayo. Wengi watakujibu: samaki na mchanga, basi. Kumbe mna nuru humo, tena nuru yenye kazi!

Wapo wasemao katika midahalo ya chama chetu ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na taarabu, na fizikia tuwaachie Waingereza. Mimi sitawajibu kwa kelele. Nitaieleza nuru hiyo kwa Kiswahili, kisha wewe msomaji uwe hakimu.

Kwanza, leza ni kitu gani? Nuru ya taa ya kawaida ni kama abiria feri inapofunguliwa: kila mtu mbio zake, huyu kulia, huyu kushoto. Nuru ya leza ni kama gwaride. Mawimbi yake yana rangi moja, yanapiga hatua pamoja na kuelekea upande mmoja. Mnamo 1917, Albert Einstein alieleza kwamba atomu iliyojazwa nguvu, ikipitiwa na nuru ya aina inayofaa, hutoa nuru pacha ya ile iliyopita. Moja yawa mbili, mbili zawa nne, na kuendelea. Ilichukua miaka 43 jambo hilo kuzaa leza. Mnamo 16 Mei 1960, Theodore Maiman wa Marekani aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia kijiti cha yakuti. Siku hizi hata vitochi vya leza vyauzwa mitaani. Nawasihi, msimmulike mtu machoni! Jicho likiungua ndani halina kiraka.

Pili, fiba. Huu ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Sasa nuru, ambayo twafunzwa huenda moja kwa moja, yapita vipi katika uzi uliopindapinda? Mwalimu wetu wa fizikia alitoboa tundu ubavuni mwa chupa ya plastiki, akajaza maji, kisha akamulika leza kutoka upande wa pili hadi tunduni. Maji yakachuruzika kwa kupinda, na nuru ikayafuata mpaka kwenye beseni. Darasa zima likapiga makofi. Lakini nuru haikupinda, ng'o! Ilikuwa ikigonga ukingo wa maji kwa mlalo, ikarudishwa ndani, ikagonga tena, ikarudishwa. Ndivyo ilivyo katika fiba. Kioo cha kati kimevikwa kioo cha aina nyingine, na nuru ikigonga mpaka wa viwili hivyo kwa mlalo wa kutosha, haitoki.

Zamani vioo viliimeza nuru upesi mno. Mnamo 1966, Charles Kao, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kosa si la kioo chenyewe bali ni la uchafu uliomo. Kisafishwe tu, nuru itafika mbali. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, na mwaka huohuo ndipo nuru hiyo ilipofika kwetu. Kebo ya TEAMS, itokayo Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilipokewa Mombasa Juni 2009 katika sherehe iliyofanywa Fort Jesus, Rais Mwai Kibaki akiwapo. SEACOM ilianza kazi Julai mwaka huo, na EASSy ikafuata 2010.

Kabla ya hapo Kenya iliwasiliana na ng'ambo kwa setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000. Ujumbe upande, kisha ushuke: robo ya sekunde yaenda hivyo, na bei haishikiki. Ndani ya kioo, nuru yaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Piga hesabu. Mombasa hadi Fujairah kwa kebo ni kiasi cha kilomita 5,000, kwa hiyo ni sehemu 1 ya 40 ya sekunde. Hujapepesa jicho, ujumbe umefika!

Hata hivyo kioo kisafi nacho huimeza nuru kidogo kidogo. Katika fiba ya kawaida, baada ya kilomita 100 hubaki sehemu 1 tu kati ya 100. Kwa hiyo kebo imewekewa vipaza nuru njiani. Ndani yake mna fiba iliyotiwa madini ya erbiamu, na leza ndogo huijaza nguvu. Nuru iliyochoka ipitapo, atomu za erbiamu huizalia mapacha, kama alivyoeleza Einstein. Mnamo 2025, watafiti wa Southampton, Uingereza, walitangaza fiba yenye uwazi katikati, ambamo nuru hupita hewani badala ya ndani ya kioo. Kwa hiyo huenda kasi zaidi, na baada ya kilomita 100 hubaki kama sehemu 12 kati ya 100.

Lakini uzi huu wakatika! Februari 2012, nanga ya meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliikata TEAMS nje ya Mombasa. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kule kusini, karibu na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki. Fundi hutafutaje mkato katika bahari yote hiyo? Kwa nuru. Hurusha mmweko mmoja na kungoja mwangwi wake. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, mkato uko kilomita 100. Kisha meli huenda pale, ikaziopoa ncha mbili, na vile vinyweleo vikaungwa kwa kuyeyushwa.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mnamo 26 Desemba 2004, tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilizua tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi. Ilifika hadi pwani yetu saa kadhaa baadaye. Somalia watu mamia walikufa, na Kenya pia haikusalimika. Katikati ya bahari vipima-tetemeko ni haba. Sasa, mnamo 2018, wanasayansi wakiongozwa na Giuseppe Marra wa Uingereza walionyesha kwamba leza iliyotulia sana, ikipitishwa ndani ya fiba, hutambua tetemeko, kwa sababu ardhi ikitikisika uzi hunyooka kidogo mno na nuru huchelewa kidogo mno. Mnamo 2022 walitumia kebo ya Atlantiki, kati ya Uingereza na Kanada, wakasikia matetemeko na hata mikondo ya maji.

Fikiri basi. Kebo zilizolala mbele ya Likoni na Nyali zaweza siku moja kuwa masikio ya pwani nzima, zikampa mvuvi aliye ndani ya ngalawa saa za kujiokoa. Nani atakayeyafungua masikio hayo? Tukingoja wageni, tutangoja sana. Nyie mnaoikimbia fizikia Kidato cha Tatu, rudini! Na onyo la tsunami likitoka, mvuvi wetu hataambiwa kwa Kiingereza. Ataambiwa kwa lugha anayoielewa, na sharti awepo mtu anayejua sayansi na Kiswahili pia.

Hukumu nakuachia wewe, msomaji. Kila la heri katika mitihani.