Logbuku ya Gari Lililokufa Haifufui Jingine

Wiki hii nimeulizwa swali lile lile mara mbili ndani ya siku tatu. Wa kwanza alinikuta gereji pale Daraja Mbili, mjini Kisii. Wa pili alinipigia simu kutoka Minnesota, ambako Wagusii wengi wamehamia kutafuta maisha. "Fundi, nina gari la zamani la kutoka ng'ambo, zuri ajabu. Nimepata logbuku ya jingine la aina hiyo hiyo lililokufa. Si nitabadilisha namba tu, kisha nilipeleke ukaguzi?"

Hapana. Nimelijibu swali hili kwa miaka, kwa upole na kwa ukali, na bado linarudi. Leo naliandikia jibu ili atakayeuliza tena aonyeshwe ukurasa huu.

Kwanza tuone watu wanavyofika huko. Mtu yuko Marekani, amependa Mustang ya 1967, anataka siku moja aipeleke nyumbani Nyamira. Anagongana na kiwango cha KS 1515 cha shirika letu la viwango, KEBS. Gari kuukuu linaloingizwa nchini halipaswi kuzidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani wake uwe upande wa kulia. Kwa mwaka 2025, hiyo ilikuwa na maana gari lililosajiliwa kuanzia 1 Januari 2018. Mustang hiyo imeanguka mitihani yote miwili, na kuuhamisha usukani hakuipunguzii umri hata siku moja.

Hapo huletwa utetezi wa miaka 25: eti gari likishazeeka sana linaitwa klasiki na sheria inaliachia. Kanuni hiyo ni ya Marekani, ilitungwa mwaka 1988, na inahusu magari yanayoingia Marekani. Haitumiki kwenye bandari yetu ya Kilindini. Wengine huniuliza mbona zile Porsche za Safari Classic huingia. Magari yanayotoka ng'ambo kwa mashindano huingia kwa kibali cha muda, hukimbia, kisha hurudi yalikotoka. Wengine hutaja msamaha wa mkazi anayerejea nyumbani. Ule ni msamaha wa kodi, wala hauligusi sharti la miaka minane. Wengine hunong'ona kuhusu mpaka wa Sirare, kwa kuwa Tanzania haiyakatazi magari makuukuu bali huyatoza ushuru zaidi. Gari lenye namba za Tanzania likivuka Isebania huingia kwa kibali cha muda, na kibali kikiisha unatakiwa ulirudishe.

Milango hiyo ikishafungwa yote, ndipo dalali anapotokea na logbuku ya gari lililokufa. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, gari na usingizi.

Imani yenyewe inasema hivi: logbuku ni karatasi ya aina ya gari. Ukiwa na logbuku ya Land Rover, basi Land Rover yoyote unaweza kuiingiza humo, kama shati ndani ya sanduku. Si kweli. Logbuku ni cheti cha chuma kimoja, kinachotambulika kwa namba ya chasisi iliyogongwa kiwandani. Injini hubadilishwa, rangi hubadilishwa, hata bodi hubadilishwa, na kila badiliko lina utaratibu wake wa kuarifu. Namba ya chasisi ndiyo roho ya cheti. Chuma chenye namba hiyo kikishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, logbuku yake imebaki kumbukumbu ya msiba. Kazi iliyobaki ni kuarifu kwamba gari halipo tena.

Nitaeleza nilichokiona kwa macho. Niliitwa boma moja upande wa Nyamira, katikati ya majani chai, kumkagulia mwalimu mstaafu Volkswagen Beetle aliyokuwa amelipia tayari. Rangi iling'aa, viti vipya, logbuku mkononi. Sikuangalia rangi. Niliinua kiti cha nyuma, kwa sababu katika Beetle namba ya chasisi hugongwa pale, juu ya handaki la chuma linalopita katikati ya sakafu. Nilipangusa kwa kitambaa chenye petroli. Chini ya rangi nyeusi nzito palitokea mstari wa kuchomelea, umezunguka kipande cha chuma kikubwa kama kiganja. Namba zilikuwa juu ya kipande hicho. Zililingana na logbuku tarakimu kwa tarakimu, lakini kipande chenyewe kilikuwa kimekatwa kwenye gari jingine na kupandikizwa hapo. Mwalimu aliniuliza, "Lakini si namba ni zenyewe?" Ilinibidi nimwambie kwamba namba ni zenyewe, gari silo.

Mafundi wengine hawapandikizi kipande. Husaga namba kwa grainda, wakagonga nyingine. Hao nao wajue jambo moja la kitaalamu. Namba inapogongwa kiwandani, haibonyezi uso wa chuma pekee. Chuma kilicho chini ya kila tarakimu hugandamizwa. Ukiusaga uso mpaka uwe laini kama kioo, mgandamizo ule unabaki ndani. Mpelelezi akipaka asidi maalumu, chuma kilichogandamizwa huliwa kwa kasi tofauti na kilicho kando yake, na namba ya kwanza hujitokeza tena mbele ya macho yenu. Kwa hiyo unamlipa fundi kwa jasho la kukutengenezea ushahidi dhidi yako mwenyewe.

"Lakini nilipita ukaguzi." Mkaguzi wa magari hupima breki, taa, usukani, magurudumu na kutu, kisha hulinganisha namba anazoziona na zile za kumbukumbu. Akikosa kuuona mshono leo, mshono haujaondoka. Utaonekana siku ya ajali, siku ya kuuza, au siku jirani atakapokuchongea.

"Lakini bima walinikatia." Bima humkatia mtu gari alilolieleza. Siku ya kudai, kampuni hutuma mtu kama mimi kulitazama lililoharibika, na mimi huinua kiti.

"Lakini karatasi ninayo mimi." Soma kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, sura ya 403. Aliyeandikwa ndiye anayechukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Logbuku ya gari lililokufa ina jina la mwenye gari hilo, ambaye mara nyingi naye ni marehemu. Ukimgonga mtu Keroka siku ya soko, watakaotafutwa kwanza ni watoto wa mtu aliyezikwa zamani, watu ambao hawajawahi hata kuliona gari lako. Na wakitaka, wanaweza kuja kulidai. Zaidi ya hayo, bodi iliyoingia bandarini kwa jina la vipuri kisha ikavishwa logbuku hiyo na kuwa gari haijalipiwa ushuru wa gari. Chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, anayekutwa nalo ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba kodi ililipwa. Akishindwa, gari hutaifishwa.

Kuna hasara nyingine inayoniuma zaidi kama mtu wa kazi hii. Thamani ya gari la zamani iko kwenye utambulisho wake: lilitoka kiwanda gani, mwaka gani, likiwa na injini ipi. Ukichanganya chuma cha hili na namba za lile, umeyaua yote mawili. Hakuna mnunuzi makini atakayeligusa.

Sasa, halali ni ipi? Kwa haraka.

Gari likiwa ng'ambo, iulize KEBS kwa maandishi kabla hujalipa hata senti. Anayekuambia kuna njia ya pekee kwa ajili yako akuonyeshe barua yenye jina lako na namba ya gari hilo. Hana? Acha gari libaki huko, uliendeshe huko.

Gari likiwa tayari nchini, ingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uagize nakala ya kumbukumbu kwa Sh550. Linganisha na chuma, si na karatasi ya muuzaji. Magari yaliyoundwa kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 mara nyingi huwa na namba fupi kuliko zile za leo zenye herufi na tarakimu 17. Hilo pekee lisikutie wasiwasi.

Logbuku imepotea? Ripoti polisi, chukua abstrakti, mwenye gari aombe nakala mpya.

Mwenye gari amefariki? Barua ya chifu, kisha mahakamani, Kisii au Nyamira, kufungua faili ya mirathi. Litaje gari kwenye orodha ya mali, kwa namba zake. Tangazo hukaa kwenye Gazeti la Serikali siku 30, na uthibitisho wa hati kwa kawaida huja baada ya miezi sita. Hapo msimamizi wa mirathi anaweza kuhamisha umiliki.

Muuzaji yu hai? Naye na mnunuzi kila mmoja afungue akaunti yake na awe na PIN ya KRA. Usikubali fomu tupu iliyotiwa sahihi.

Umebadilisha injini au rangi? Arifu, utunze risiti ya injini. Kutu imekula namba? Usiguse, usigonge upya. Iache kama ilivyo, uwaite NTSA. Mvua yetu hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo sakafu huoza kabla ya injini: itengeneze, funga mikanda, kisha panga siku ya ukaguzi na ulipeleke gari juu ya lori.

Na kama kweli unalipenda gari la kale, huna haja ya kuvuka bahari. Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, iliunganishwa hapa hapa Mombasa. Kuna 504, Beetle na Land Rover zilizolala chini ya mabati kutoka Suneka hadi Kebirigo, zikiwa na namba za kabla ya 1989, zile zisizo na herufi mwishoni. Hizo zilisajiliwa kwa haki na zina kumbukumbu. Zinachokosa ni mjukuu wa kukaa chini na karatasi.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kabla ya kununua hata nati moja, nenda bomani kwa babu. Inua kiti, pangusa chuma, soma namba, iandike. Ikilingana na iliyo kwenye kumbukumbu, unalo gari. Isipolingana, usimtafute dalali, wala usinipigie mimi.