Mwezi utafunikwa alfajiri ya tarehe 28 Agosti: kuko kitu cha kuogopa?

Siku ya tano, tarehe 28 Agosti 2026, wakaaji wa mashariki mwa Congo watakaoamka mapema wataona mwezi kama unaliwa upande moja. Ni kupatwa kwa mwezi. Mara ya mwisho kuonekana huku ilikuwa siku ya yenga, tarehe 7 Septemba 2025: mwezi ulifunikwa wote kwa dakika 82 na ukawa mwekundu.

Kwa watu wenye kujua vita, mwezi wa rangi ya damu unaleta maneno mengi. Wengine wanasema ni alama ya damu itakayomwagika. Lakini hesabu ya siku hiyo ilijulikana miaka mingi mbele, na haihusu mtu yeyote duniani.

Inakuwa hivi: dunia inapita katikati ya jua na mwezi, na kivuli chake kinaanguka juu ya mwezi. Wekundu unatoka kwa mwangaza wa jua unaopenya katika hewa ya dunia, sawa na jua la magaribi linavyokuwa jekundu. Haifanyike kila mwezi mzima, juu njia ya mwezi imeinama kidogo. Mara nyingi unapita juu ao chini ya kivuli.

Kwa saa ya Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi, kivuli kitaanza kuingia saa kumi na dakika 34 za usiku. Kufika saa kumi na moja na nusu, zaidi ya nusu itakuwa imefunikwa. Kiisha kutapambazuka, na mwezi utashuka upande wa magharibi karibu na saa ya kipimo cha mwisho, asilimia 93 ya upana wake. Wakaaji wa Uvira waangalie mapema zaidi, sababu milima iko upande huo na itauficha.

Kuangalia kwa macho tu hakuna hatari, si kama jua. Wamama wenye mimba na watoto pia wanaweza kuangalia.

Kwa kupiga foto na telefoni, zima flashi: haifiki kule. Weka telefoni juu ya kiti ao jiwe ili isitikisike. Gusa mwezi kwenye kioo, kiisha punguza mwangaza mpaka alama za mwezi zionekane. Bila hiyo utapata doa jeupe tu. Tumia saa ya kuhesabu sekunde 3. Usivute foto karibu sana, inaharibika. Afazali uingize paa ao muti wa ndizi. Chaji betri tangu magaribi.

Jambo la mwisho ni usalama. Baki ndani ya lupango. Pale kuko amri ya kutotembea usiku, iheshimiwe, na usielekeze telefoni kwenye kituo cha waaskari. Mwezi unaonekana vizuri hata mbele ya mlango wa nyumba.