Kani ya Kukata katika Boriti: Hesabu na Istilahi

Upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Lamu ulifuata urefu wa boriti za mkoko zilizobeba dari, nao kwa kawaida haukuzidi sana mita 3. Boriti ya namna hiyo, iliyolazwa juu ya kuta mbili, yatosha kueleza jambo lidhaniwalo na wengi kuwa halielezeki kwa Kiswahili: hesabu ya kani ya kukata.

Kwanza sharti maneno yapambanuliwe. “Nguvu” ina maana nyingi mno, ndiyo sababu istilahi za fizikia zimechagua “kani” kwa kile kisukumacho au kivutacho kitu. Mzigo ulio juu ya boriti hufanya mambo mawili. Huipinda, tena hujaribu kuikata, kama makali mawili ya mkasi yakatavyo kwa kupishana: upande mmoja hupanda, wa pili hushuka.

Na ichukuliwe boriti ya mita 3 yenye mzigo ulioenea sawasawa, kilonyutoni 2 kwa kila mita. Mzigo wote ni kilonyutoni 6. Kwa hiyo kila ukuta huisukuma boriti juu kwa kilonyutoni 3. Kani ya kukata mahali popote hupatikana kwa kuanzia ukuta wa kushoto: kani ya ukuta huo, kutoa mzigo uliokwisha kupitwa. Ukutani jawabu ni 3. Penye mita 1 ni 3 kutoa 2, yaani 1. Katikati, penye mita 1.5, ni sufuri. Penye mita 2 ni hasi 1, na kwenye ukuta wa kulia ni hasi 3. Hasi hapa si upungufu. Yaonyesha tu kwamba sasa upande wa kushoto ndio ushukao.

Basi katikati, ambapo boriti hupindwa zaidi, kani ya kukata hutoweka. Nayo huwa kubwa kabisa penye kuta, ambapo jicho halioni dalili yoyote. Fundi apunguzaye unene wa ncha za boriti ili ziingie ukutani huidhoofisha pale pale inapokatwa zaidi. Mwanafunzi aliyefunzwa “nguvu” kwa yote mawili ataitazama katikati peke yake. Istilahi, kwa hiyo, si pambo la lugha: ndiyo impayo mjenzi hatari mbili za kuchunguza badala ya moja.