Tibet iko mbali na Kongo, lakini muulize Wangari

Ukishuka 46 pale Kawangware ukaingia ndani hadi Kongo, kuna kinyozi mmoja ambaye kibanda chake ni bunge kamili. Juzi nilikalia kiti chake nikiwa na fulana ya mtumba niliyookota Toi. Kifuani ina bendera: mlima wa theluji, jua, miale ya nyekundu na buluu, na simba wawili wamesimama. Mimi niliipendea rangi tu, stori yake nikaisoma baadaye.

Kinyozi akauliza hiyo ni timu gani. Nikamwambia si timu, ni bendera ya Tibet, na ukiipeperusha kule kwenyewe unafungwa.

"Sasa bro," akasema, mashine bado inanguruma, "sisi hapa maji yamepotea siku ya nne. Za Tibet zinatuhusu nini?"

Kibanda kizima kikacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini swali lile nilienda nalo nyumbani, na leo nakuletea wewe msomaji, kwa sababu najua hata wewe ungeuliza hivyo hivyo.

Wacha nikupe kwa ufupi. Jeshi la China liliingia Tibet mwaka wa 1950. Machi 1959 wananchi waliinuka mjini Lhasa, wakapondwa, na kiongozi wao wa kidini, Dalai Lama, akatorokea India. Hadi leo hajarudi. Kila tarehe 10 Machi, Watibeti na marafiki wao huandamana katika miji mingi duniani kukumbuka siku hiyo.

Sasa kuja nyumbani. Mwaka wa 2008 China ilikuwa inaandaa Olimpiki, na mwenge wa michezo hiyo ukazungushwa duniani. Machi mwaka huo Tibet ilikuwa imelipuka tena kwa maandamano, na serikali ikajibu kwa nguvu. Kwa hivyo mwenge ulipofika London tarehe 6 Aprili, waandamanaji walijaribu kuunyakua. Kesho yake Paris ulizimwa mara kadhaa na kupakiwa kwenye basi.

Katika Afrika nzima, mwenge ule ulisimama mji mmoja tu: Dar es Salaam, tarehe 13 Aprili. Ulianzia stesheni ya TAZARA, ile reli iliyojengwa kwa msaada wa China, ukamalizia Uwanja wa Taifa, ambao pia umejengwa kwa msaada wa China. Umeona hiyo ramani? Kutoka zawadi moja hadi nyingine. Siku yenyewe ilipita kwa amani, watu wakashangilia.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyealikwa kuubeba na hakuonekana. Profesa Wangari Maathai, mama yetu wa miti, mshindi wa Nobel ya Amani ya 2004. Siku chache kabla ya mwenge kufika alijiondoa. Alisema anasimama na watu wanaolilia haki za kibinadamu Tibet, Darfur na Burma.

Fikiria vile ingekuwa rahisi kwake kwenda. Kukimbia mita chache, kupigwa picha, kurudi Nairobi. Hakuna Mkenya angemlaumu. Kwa nini basi akatae?

Mimi nadhani jibu liko Uhuru Park. Mwaka wa 1989 serikali ya Moi ilitaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya bustani ile. Wangari akaanza kuandika barua: kwa maofisa wa serikali, kwa mashirika, kwa mabalozi wa nchi za nje. Wabunge walimtusi na kumcheka. Lakini zile barua zilifika, wafadhili wa nje wakaingiwa na baridi, na jumba halikujengwa. Ukienda kulala kwenye nyasi za Uhuru Park Jumapili, unalalia barua za Wangari.

Mapema 1992 alikamatwa baada ya polisi kuzingira nyumba yake siku tatu. Nani alipiga kelele? Wakenya, ndiyo, lakini pia watu wa mbali. Maseneta wa Marekani, akiwemo Al Gore, walituma ujumbe kwa serikali ya Moi. Mwezi uliofuata alikaa Uhuru Park na akina mama waliokuwa wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa. Polisi walimpiga hadi akazirai. Dunia iliona. Mapema 1993 wale vijana walikuwa wameachiliwa.

Kwa hivyo yule mama alijua kitu ambacho sisi tunasahau. Alijua mtu wa mbali asiyekujua anaweza kukuokoa kwa kutaja jina lako tu. Mwaka wa 2008 ilikuwa zamu yake kutaja jina la mwingine.

Najua utasema nini. China imejenga barabara. Thika Road tunaipita, SGR tunaipanda. Na wao husema hivyo kuhusu Tibet pia: kwamba ni sehemu ya China tangu zamani, kwamba waliondoa utwana wa mabwana wa zamani, kwamba wameleta shule, hospitali, na reli iliyofika Lhasa mwaka wa 2006. Na kweli Tibet ya zamani haikuwa mbinguni, ilikuwa na wakubwa na wanyonge kama kwingine.

Lakini muulize mtu wa Kibera kuhusu maendeleo. Julai 2018 tingatinga zilipita pale kufungulia barabara, na watu wapatao 30,000 wakabaki bila makao. Barabara ni nzuri, hata mimi naipita. Swali la waliobomolewa halikuwa kama barabara ni nzuri. Waliuliza: nani alituuliza sisi? Hilo ndilo swali la Mtibeti.

Mfano ni Tashi Wangchuk. Huyu hakuwa mwanasiasa, alikuwa muuza duka. Kosa lake? Alilalamika mbele ya kamera ya gazeti la Marekani kwamba watoto wa Tibet hawafundishwi vya kutosha lugha yao. Alikamatwa Januari 2016, akafungwa miaka mitano. Mwaka wa 2023 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema watoto wa Kitibeti wapatao milioni moja wako katika shule za bweni za serikali, mbali na lugha na desturi za kwao.

Na kuna mmoja ambaye simtoi akilini. Gedhun Choekyi Nyima. Mei 1995 Dalai Lama alimtaja kuwa Panchen Lama, kiongozi wa pili kwa ukubwa katika dini yao. Alikuwa na miaka sita. Siku tatu baadaye yeye na wazazi wake walichukuliwa, na hajaonekana hadharani tena. China husema ni mtu mzima sasa, anaishi maisha ya kawaida, hataki kusumbuliwa.

Hapo ndipo fulana yangu iliacha kuwa rangi tu. Wakati wa maandamano ya 2024 rafiki yangu wa Kibera, tulikuwa tunakutana stage ya Olympic karibu kila siku, alichukuliwa usiku na watu waliovaa kiraia. Mamake alizunguka vituo akiambiwa hayuko. Sisi tulikesha tukisambaza picha yake. Siku ya pili nikaona watu wa Lagos, wa Kampala, wa Toronto, wameandika jina lake wakikosea herufi. Siku ya tatu aliachwa kando ya barabara usiku, akiwa hai. Sijui ni nini hasa kilimrudisha. Najua mamake alisoma yale majina ya wageni moja baada ya lingine, akalia.

Na unakumbuka Bob Njagi na Nicholas Oyoo, waliochukuliwa Uganda tarehe 1 Oktoba 2025? Kelele hazikuisha, na siku ya 38 wakarudi nyumbani. Gedhun anasubiri tangu 1995.

Sikuambii umchukie Mchina. Yule anayeuza simu River Road hajamkamata mtu. Wala sikuambii uache kudai maji ya Kongo. Nakuomba kidogo tu: jifunze jina moja la mtu aliyefungwa mbali na kwenu, lisambaze, andikia ubalozi barua ya adabu ukiuliza yuko wapi. Inagharimu bando ya shilingi ishirini.

Nilirudi kwa kinyozi Jumamosi nikamweleza haya yote. Alinyamaza, akanipangusa shingo na taulo.

"Huyo mtoto," akauliza, "unasema anaitwa nani?"

Nikamwandikia kwenye kioo kwa chaki. Maji bado hayajarudi, lakini nilipopita jana jina lilikuwa bado pale.